Mboga Niliyomtafutia Mama

Mdogo wangu Masanja amefungua duka la pembejeo hapa Somanda, na mimi dada yake, niliyemlea mgongoni, mpaka leo sijavuka kizingiti chake. Namletea chakula cha mchana, naishia kwenye ngazi, namwita atoke. Wateja wananishangaa. Mama mmoja aliwahi kunivuta pembeni, akaniambia ndugu ni ndugu, akajitolea kutupatanisha. Hatujagombana. Ni ile harufu ya dawa ya pamba. Ninyi mliokulia huku mnaijua, kali, inakwaruza koo, na nyuma yake ina utamu fulani kama wa embe lililoanza kuoza. Ikinigusa pua, macho yanamtafuta Masanja nione kama anapumua. Ni mwanaume mzima, ana mke na kitambi. Mimi namtazama kifua kwanza, ndipo namkabidhi hotipoti.

Tuliishi nje ya mji, upande wa mtoni, kwenye nyumba mbili za bati na moja ya nyasi, ya bibi, mama yake baba. Mwaka ule mvua zilianza vizuri, kisha zikakata katikati, pamba ikiwa imeanza kufunga vitumba. Mto ukakauka vipande vipande, yakabaki madimbwi. Mama alikuwa mjamzito na chakula kilikuwa kinamshinda. Kwao ni Nassa, karibu na ziwa, amekua akila samaki asubuhi na jioni. Kwetu mboga ilikuwa nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa. Kesho mlenda, keshokutwa nsansa tena. Alikuwa anakula matonge mawili, anasukuma sahani.

Siku moja nikamsikia jikoni akimwambia bibi, kwa lile neno letu la mama, "Mayu, siku hizi naota samaki. Wala si minofu. Kichwa tu, nikifyonze mpaka macho."

Bibi akacheka, akamwambia huyo tumboni atakuwa wa kiume, ana tamaa kama baba yake.

Mimi sikucheka. Nilikuwa na miaka tisa, labda kumi, mtoto wa kwanza, na mtoto wa kwanza wa kike huku kwetu anadhani nyumba nzima imeegemea shingo yake. Kichwa kile cha samaki kilinikaa moyoni kama nimetumwa.

Njia ya kukipata alinipa mama mwenyewe, bila kujua. Tukipukuchua mahindi alipenda kutusimulia mambo ya kwao. Wanawake wa Nassa, alisema, zamani walikuwa wanatwanga majani ya mmea unaoitwa utupa, wanayamwaga kwenye kijito, kisha wanakaa kando kupiga soga. Baada ya muda samaki wanaelea ubavu, na wao wanaingia na vikapu.

"Wanakufa?" nikamuuliza.

"Hawafi, wanalewa tu. Na ukiwala, wewe hulewi."

Nilimuuliza utupa uko wapi huku kwetu. Akasema huku hajauona, na hata kwao siku hizi ni marufuku. Yeye akaendelea na mahindi, mimi nikabaki na samaki wangu walevi.

Sasa sikilizeni akili ya mtoto ilivyo. Nilikuwa nimemwona baba akipiga dawa shambani. Nimechuchumaa mwenyewe kwenye mashina na kuwaona wale funza wa vitumba wakipepesuka, wakijikunja, wakidondoka. Walikuwa wamelewa, sikuwa na shaka hata kidogo. Na nilimwona baba, kifua wazi, bomba mgongoni, dawa ikimchuruzika mpaka kiunoni, akirudi nyumbani, ananawa, anakula ugali, analala, kesho anaamka mzima. Kwa hiyo dawa ile inalewesha viumbe vidogo, wakubwa haiwagusi. Nani angenibishia? Nilijiona nina akili kumzidi mama, ambaye chupa ya dawa anaiona kila siku na samaki anawaota kila siku, na hajaunganisha.

Baba alikuwa ametuonya. Alisema atakayegusa chupa zile atamfunga kwenye nguzo ya zizi, aone. Lakini baba alitukataza mambo mengi, pamoja na kukalia kinu na kupiga mluzi ndani ya nyumba. Onyo hili nililiweka kwenye fungu moja na hayo.

Siku yenyewe baba na mama walikwenda shamba la mbali. Bibi alikwenda kwa jirani na ungo wake wa kunde, akaniachia Masanja. Nikapanda ghalani, nikatoa chupa iliyobaki, nikaiviringisha kwenye kanga. Masanja nikambeba mgongoni, ingawa alikuwa na miaka mitano na miguu yake ilinipiga magotini. Mbwa wetu alitufuata. Aliitwa Sijali. Jina alipewa na bibi, ili majirani wanaomsema wamsikie akiita.

Nilichagua dimbwi dogo kwenye kona ya mto, mbali kidogo na lile kubwa ambalo ng'ombe walizoea. Ndiyo akili pekee niliyotumia siku hiyo. Nikamimina. Maji yakawa meupe, harufu ikapanda. Kisha nikamkalisha Masanja kivulini nikaanza kupiga soga naye, kwa sababu wanawake wa Nassa ndivyo walivyofanya. Nikamuuliza habari za mifugo na habari za mvua. Akaitikia "eeh" kwa kila kitu.

Kambare wa kwanza alitoka mdomo nje, sharubu zinatetemeka. Akazunguka, akazama, akaruka juu tena. Wakafuata wengine. Vyura wakatoka wakakaa ukingoni, wakafungua midomo, wakabaki hivyo. Nilikuwa nimewahi kuona walevi. Babu mmoja jirani alikuwa akitoka kilabuni akiimba mpaka kwake. Hawa samaki hawakufanana naye. Walikuwa wanakimbia kitu kilichomo ndani yao wenyewe.

"Dada," Masanja akasema, "wanaumwa?"

"Wamelewa."

"Wanaumwa, dada."

Nilimwambia anyamaze. Ndani yangu kitu kilishaanza kupata baridi, lakini kambare wawili walikuwa wakubwa kama mkono wa baba, na vichwa vyao vilikuwa vinono. Nikaingia na kikapu. Nikatoka na saba.

Nyumbani niliwapasua nyuma ya jiko na matumbo nikamtupia Sijali, akayameza yote. Wakubwa na wenzao nikawabandika kwenye chungu na chumvi, vichwa vizima, vya mama. Mmoja mdogo nilimchoma kwa ajili ya Masanja, nikampa kwenye sahani ya bati.

"Umalize. Ukibakiza, sikubebi tena."

Akazunguka na sahani nyuma ya jiko. Baada ya muda akarudi nayo tupu.

"Nimemaliza, dada."

Nikamsifu. Mimi sikuonja. Nilitaka mama aanze, niuone uso wake.

Nilisikia kwanza kucha zikikwaruza ardhi. Nikadhani Sijali anafukua panya. Nilipokwenda kumtazama, miguu ya nyuma ilikuwa imemkataa, anaivuta. Povu lilimtoka mdomoni. Nilikuwa nimeona mbwa akifa kwa uzee, na mwingine kwa kugongwa na lori la pamba, lakini sikuwa nimeona mbwa akitetemeka mpaka meno yanagongana. Aliniona, akajaribu kutikisa mkia. Mkia ulikwenda mara moja, haukurudi.

Hapo nikaelewa yote kwa mkupuo. Nilikimbilia chungu, nikakibeba kwa mikono mitupu kikiwa kinatokota, nikakimwaga chooni na samaki wake wote. Vidole hivi viwili mnavyoviona havina alama za ngozi ni kwa sababu hiyo. Sikusikia kuungua. Nilikuwa nimekumbuka ile sahani tupu.

Masanja alikuwa amekaa karibu na Sijali. Halii. Masanja aliyekuwa akilia jogoo akichinjwa, aliyelia siku mbuzi alipouzwa, amekaa tu, midomo imebana, ananitazama. Nikajua sumu imeshamshika ulimi.

Nilikuwa nimesikia kwamba maziwa yanakata sumu. Bibi alimpa baba kikombe kila akitoka kupiga dawa. Nikachukua kibuyu cha maziwa nikamnywesha. Kikombe cha kwanza, cha pili. Cha tatu alikataa, nikambana pua, akameza. Cha nne kilirudi chote, juu ya gauni langu, na mimi nikaona ndiyo yale yale ya Sijali yanaanza, kwanza povu, kisha miguu. Nikamtazama miguu. Akajilaza kwenye mkeka uliokuwa kivulini, akajikunja, akafumba macho. Ulikuwa wakati ambao hulala kila siku. Hilo sikulikumbuka. Niliweka sikio kifuani pake nikasikiliza, na moyo wangu ulikuwa unapiga kelele kiasi kwamba sikujua ninaosikia ni wa nani.

"Usilale, Masanja." Nikamfinya shavu. Akafumbua macho akaniangalia kwa woga ambao sijawahi kuuona kwa mtoto, akayafumba tena.

Nyumba ya jirani alikokuwa bibi ilikuwa inaonekana kutoka pale. Nilikuwa naona moshi wake. Ningepaza sauti angenisikia. Sikupaza. Nilikuwa nafikiria ile nguzo ya zizi, na kamba, na uso wa baba. Nikajiambia akipumua mara kumi nitaita, akapumua kumi, nikaanza tena moja. Nilikuwa namwacha ndugu yangu afe ili mimi nisichapwe. Nimeizunguka sentensi hii miaka mingi, nimeshindwa kupata namna nyingine ya kuisema.

Bibi alirudi mwenyewe. Alikuja anaimba chini chini, ungo kichwani, akamwona Sijali, wimbo ukakatika.

"Nani amekula nini?"

Nikanyoosha kidole kwa Masanja. Kisha habari ikatoka yote kwa pamoja, dawa ya baba, samaki, mtoni, amemaliza, bibi, amemla mzima. Nikajikunja nikisubiri kofi.

"Dimbwi lipi?" bibi akauliza.

Sikuelewa kwa nini anauliza dimbwi wakati Masanja anakufa. Nikamwambia la kwenye kona. Akatazama jua. Ulikuwa ndio wakati ng'ombe wa kijiji kizima wanashuka kunywa. Bibi akautupa ungo, kunde zikatawanyika uani, akaweka kiganja mdomoni, akapiga mwano.

Mliozaliwa mjini nitawaambia. Mwano ni ule ukelele wa hatari. Unapigwa kwa wizi wa ng'ombe, kwa moto, kwa mauti. Ukiusikia, hata ukiwa unakula unaacha, unakwenda kule mwano unakotokea, na asiyekwenda atajieleza mbele ya wenzake. Anayeupiga bila sababu naye atajieleza. Watoto tulikuwa tunakatazwa hata kuuiga mchezoni. Sikuwa nimewahi kuusikia ukitokea kwetu, tena kifuani kwa bibi yangu aliyekuwa anasimama kwa kushika kiuno. Nyumba ya jirani ikaupokea, na ya mbele yake, mpaka ukavuka kilima.

Wanaume walifika wakikimbia na fimbo na mapanga. "Wameelekea wapi?" mmoja akauliza, akidhani ni wezi.

"Hakuna wezi," bibi akasema. Akanishika bega akanisogeza mbele yao wote. "Sema, mayu. Sema kama ulivyoniambia."

Nikasema mbele ya watu wazima ishirini, gauni limelowa matapishi ya maziwa. Hata sijafika mwisho vijana wanne walishaondoka kwa mbio kuelekea mtoni. Baadaye walisema ng'ombe wa mbele walikuwa wameshainamisha shingo kwenye ile kona, kwa sababu lile dimbwi kubwa lilikuwa limebaki tope.

Kisha nikamwona baba akija, bomba bado liko mgongoni, linamgonga kila hatua, hakukumbuka kulivua. Na nyuma yake mama. Mama alikuwa anakimbia, ameshika tumbo lake kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba mtungi usio na kifuniko. Katika yote ya siku ile, hicho ndicho ninachokiota mpaka leo.

Zahanati ilikuwa mbali, usafiri ulikuwa baiskeli. Masanja alifungwa kwa kanga ya mama mgongoni kwa baba. Mimi nilipakiwa kwa jirani, chupa mapajani, kwa sababu bibi alisema niende, mimi ndiye ninayejua. Njia nzima niliona kichwa cha Masanja kikiyumba, huku na huku, kwenye kila shimo.

Nesi alimfunua macho, akanusa mdomo wake, akaipokea chupa kwa ncha za vidole. Baba na mimi tulisimama ukutani.

"Mtoto mzuri, samaki umekula wangapi?"

Masanja akanitazama mimi. "Nimemaliza."

"Umemaliza mwenyewe?"

Akatazama chini. Mdomo ukaanza kucheza. Halafu kilio nilichokisubiri tangu mchana kikatoka, chote, mpaka wagonjwa wa nje wakachungulia. "Alikuwa na miiba. Nilimpa Sijali. Mimi ndiye nimemuua Sijali."

Yaani muda wote ule, mimi namtazama kama anakufa, yeye ananitazama kama muuaji aliyekaribia kukamatwa. Kila mmoja alikuwa anamficha mwenzake kosa lake.

Baba alikaa sakafuni pale pale, akafunika uso kwa kofia. Mabega yakawa yanatikisika. Sikujua kama anacheka au analia, nikaogopa kuliko nilivyoogopa mchana kutwa. Walitubakiza mpaka jioni kwa uangalizi. Hawakumkuta na chochote zaidi ya maziwa yaliyozidi.

Sikufungwa kwenye nguzo. Baba alinipa jembe tukamzika Sijali wote wawili, kisha akanionyesha kazi yangu. Dimbwi lilizungushiwa miiba, na kila nikitoka shule nilikaa pale na fimbo kufukuza mifugo, mpaka mvua iliporudi na mto ukapita. Wapita njia walinipa salamu ya kwetu, "mwadila, mwenye dimbwi lako," wakicheka. Nilistahili.

Mama hakunichapa wala hakunisema. Kesho yake alinifunga vidole kwa kitambaa, taratibu, akauliza bila kuniangalia, "Wale wakubwa walikuwa wa nani?"

"Wako. Nilikuachia vichwa."

Akakaza fundo. Kuanzia siku hiyo mama hakutaja samaki tena, na hadithi za Nassa ziliisha. Tukipukuchua mahindi tulipukuchua kimya. Mdogo wetu alizaliwa wakati wa kuvuna, wa kike, bibi akaona aibu kwa utabiri wake. Miaka ikapita, na ikajulikana tu kwamba mama samaki hali. Harufu yake, alisema, inamkera. Nimeolewa, nimezaa, nimempikia mama mara ngapi sijui, na sikuwahi kuweka samaki mezani. Hata daktari alipomshauri ale samaki kwa ajili ya presha, alimjibu, "Hao mimi na wao hatupatani." Nikamwamini.

Mwezi uliopita tulikwenda Nassa kwenye harusi ya binti wa mjomba. Masanja alituendesha kwenye kirikuu, kale kagari kake ka mizigo. Baada ya chakula nikamkosa mama, nikazunguka nyuma kumtafuta. Alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mafiga, peke yake, bakuli mapajani. Alikuwa na kichwa cha sato mkononi, anakifyonza, macho amefumba. Akakigeuza, akakivunja, akafyonza upande wa pili. Akatoa jicho kwa kidole kidogo, akalila, akatulia kidogo kabla ya kuendelea. Bakulini kulikuwa na mifupa ya vichwa vingine viwili.

Nilirudi nyuma kimyakimya kabla hajafumbua macho.

Jioni tukiwa kwenye gari nilimuuliza kama alikula akashiba.

"Nyama yao ilikuwa ngumu," mama akasema. "Nimekula wali tu, mwanangu."

"Hata mimi," nikamwambia.

Masanja alikuwa anaendesha na kupiga mluzi. Niliuchukua mkono wa mama nikauweka mapajani kwangu. Ulikuwa unanuka samaki, nikaushika hivyo hivyo mpaka Somanda.